Shukrani na Riya: Mas'ala ya Kuwatuza Wanafunzi kwa Khidma Wanayowafanyia Watu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, ajuaye yaliyo vifuani kabla hayajafika midomoni. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila awafuataye kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baad. Mas'ala yanayotazamwa katika kijitabu hiki ni haya. Vyuo vikuu vya zama hizi huwatoa wanafunzi wao wakaenda vijijini na mitaani kuwatumikia watu, na katika kutumikia huko wakapata elimu. Kisha viko vyuo ambavyo huwachagua waliowashinda wenzao katika khidma hiyo, vikawaita mbele ya hadhara, vikawapa cheti au nishani au fedha. Je, jambo hili ni jema, au ni mlango wa riya? Na likiwa jema, ni nani mwenye haki ya kutoa sifa hiyo, na ni nani mwenye haki ya kuipokea?

Ndugu msomaji asidhani kuwa haya ni mambo ya watu wa mbali. Watoto wa pwani wamo leo katika vyuo vya bara, na baba aliye Tanga au Kilwa hupokea habari kuwa mwanawe ametuzwa, akafurahi, wala asijue kuwa furaha hiyo ina hukumu yake.

MAELEZO YA JAMBO LENYEWE

Mzumbe ni mahali chini ya milima ya Uluguru, kando ya njia kuu itokayo mji wa Morogoro kwenda Iringa. Hapo ilifunguliwa skuli mwaka 1953, zama za Waingereza, ya kuwafundisha machifu na makarani wa serikali za wenyeji. Mwaka 1972 ikageuzwa kuwa chuo cha kufundisha uongozi wa maendeleo, na mwaka 2001 ikawa Chuo Kikuu cha Mzumbe. Wito wake ni maneno haya: Tujifunze kwa Maendeleo ya Watu. Morogoro hiyohiyo kiko Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984, na Chuo Kikuu cha Waislamu, kilichofunguliwa mwaka 2005.

Elimu ya kujifunza kwa kutumikia imepewa jina lake na Wamarekani, na mwaka 1985 wakuu wa vyuo vya Brown, Georgetown na Stanford waliunda umoja wa vyuo kwa ajili ya kuieneza. Kenya nayo ina Tuzo ya Rais kwa vijana tangu mwaka 1966, yenye daraja tatu, shaba na fedha na dhahabu, na khidma kwa watu ni fungu moja katika mafungu yake. Ama Tanzania, katika mahafali ya vyuo mwenye alama za juu huitwa jina lake akapewa zawadi na watu wakampigia makofi. Basi husemwa: ikiwa ashindaye kwa kalamu hutuzwa, mbona asituzwe ashindaye kwa jembe?

Wanaojibu swali hili wako makundi mawili.

KAULI YA KWANZA: KUWA HAIFAI

Wako wasemao kuwa haifai, na hoja zao si dhaifu. Husema: amali njema ni siri baina ya mja na Mola wake. Katika watu saba watakaopewa kivuli siku isiyokuwa na kivuli, mmoja ni yule aliyetoa sadaka akaificha hata mkono wake wa kushoto usijue alichokitoa wa kulia. Na katika Sahihi ya Muslim iko habari ya watu watatu watakaohukumiwa mwanzo siku ya Kiyama: aliyekufa vitani, na aliyesoma akasomesha, na aliyetoa mali. Kila mmoja ataambiwa kuwa alitenda ili asemwe, na kusemwa amekwisha kusemwa, basi hana tena cha kudai. Mwenye akili akiitazama habari hii ataona kuwa katika hao watatu hamna mwizi wala mlevi. Wote ni watu wa khidma. Hawakuangamizwa na kitendo. Wameangamizwa na macho ya watu waliyoyatazamia wakati wa kutenda.

Husema tena: sifa humdhuru asifiwaye. Mtume, sala na amani zimshukie, alimkemea mtu aliyemsifu mwenziwe mbele yake, akamfahamisha kuwa amemkata shingo. Ikiwa sahaba alihofiwa jambo hili, hali yake itakuwaje kijana wa miaka 20 anayeitwa jukwaani mbele ya wazee wake, hali picha yake itazunguka nchi nzima kabla ya sala ya Alasiri?

KAULI YA PILI: KUWA YAFAA

Wasemao kuwa yafaa nao wana tegemeo. Mwenyezi Mungu ameeleza katika Sura ya Baqara kuwa sadaka zikidhihirishwa ni jambo jema, na zikifichwa wakapewa mafakiri ni bora zaidi. Kilicho bora hakikifanyi kilicho chema kuwa kiovu. Na watu wa kabila la Mudar walipofika Madina hali ya uchi na njaa, alikuja mtu mmoja katika Ansari na mfuko uliokaribia kumshinda kuuchukua, watu wakamfuata mmoja baada ya mmoja, hata pakawa na chungu mbili za vyakula na nguo. Uso wa Mtume ukang'ara kwa furaha, akabainisha kuwa mwenye kuanzisha mwendo mwema ana ujira wake na mfano wa ujira wa wenye kuufuata. Lau mtu yule angalitoa usiku kwa siri, chungu zile mbili zisingalionekana.

Na aliulizwa Mtume juu ya mtu atendaye jema watu wakamsifu, akajibu kuwa hiyo ni bishara ya mapema kwa muumini. Na imepokewa tena kwake kuwa asiyewashukuru watu hakumshukuru Mwenyezi Mungu. Basi chuo kimshukurupo mwanafunzi, kimetenda lililoamriwa.

UCHUNGUZI WA KAULI MBILI

Kauli mbili hizi zikitazamwa vyema zaonekana hazigombani, kwani kila moja yasema na mtu mwingine. Ya kwanza yasema na mtendaji, yamwambia: Usitafute. Ya pili yasema na aliyetendewa, yamwambia: Usinyamaze. Ufisadi huingia pale kila mmoja anaposhika amri ya mwenziwe. Mtendaji husema, "Asiyenishukuru mimi hakumshukuru Mungu." Aliyetendewa naye husema, "Kheri ni siri, basi sina haja ya kusema ahsante." Wa kwanza amekuwa mdai asiye na hati, na wa pili amekuwa mnyimi wa fadhila. Hii ndiyo asili ya mas'ala yote: shukrani ni deni juu ya aliyetendewa, wala si haki mkononi mwa mtendaji.

Tena yapasa kupambanua mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Thawabu hutoka kwa Mwenyezi Mungu, na sharti yake ni nia. Ujira hutoka kwa mtu, na sharti yake ni mapatano. Shukrani hutoka kwa mtu, nayo haina mapatano.

Katika fikihi ya Imam Shafi'i, Mungu amrehemu, mtu akisema, "Atakayenirudishia ngamia wangu aliyepotea nitampa kadha," na mwingine akamrudisha, ameistahiki ile kadha. Mlango huu huitwa ju'ala, nao ni halali. Basi chuo kikibandika ubaoni mwanzo wa mwaka kuwa atakayewatumikia watu vyema kuliko wenziwe atapata fedha kadha, jambo hilo limefanana na ju'ala. Mwanafunzi akiichukua fedha hiyo hana lawama. Lakini alichokitenda kwa kutazamia fedha ile asikiite sadaka. Amefanya kazi akalipwa, kama mchukuzi wa bandarini. Na mchukuzi hana aibu. Aibu ni ya mwenye kutaka ujira wa mchukuzi pamoja na sifa ya walii. Ama chuo kisipotoa ahadi yoyote, kikatazama kimya, kisha mwisho wa mwaka kikamwita aliyetumika vyema kikampa kitu, hiyo ni hiba na shukrani, na mlango wake ni mwingine.

Na akiwa kijana ametoka kwa nia mbili, ya kuwafaa watu na ya kupata cheti? Maulama wa madhhab ya Shafi'i wamehitilafiana. Imam Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra, alitazama nia yenye nguvu: ikishinda ya akhera, hupata kwa kadiri yake, na ikishinda ya dunia, hapati. Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam, aliyekufa mwaka 660, alishika kuwa nia zikichanganyika hakuna thawabu. Mwenye kuipenda nafsi yake atamsikiliza Ghazali asikate tamaa, na atamkumbuka Izzuddin asijidanganye.

MFANO

Huu ni mfano uliopigwa ili jambo lifahamike. Katika kijiji kama Changarawe, kilicho jirani ya chuo cha Mzumbe, wafike wanafunzi wawili.

Wa kwanza akakusanya wenziwe 60, wakavaa fulana za rangi moja, wakaenda kusafisha chemchemi. Wakafyeka majani, wakatoa tope, wakapaka mawe chokaa, na kila kitu kikapigwa picha. Jioni wakarudi chuoni, na ripoti ikaandikwa kurasa 12. Lakini hakuulizwa mzee hata mmoja kwa nini tope lile hujaa kila mwaka, wala ni ukoo gani wenye kuitunza chemchemi ile. Mvua za masika zilipokuja, tope likarejea mahali pake.

Wa pili hakukusanya mtu. Alimkuta mama mjane anayezozana na shemeji zake juu ya shamba, na mama yule hajui kusoma. Kila Jumamosi akaenda naye kwa mtendaji wa kijiji. Mara nne wakakuta ofisi imefungwa, au mwenyewe amekwenda mkutanoni. Mara ya tano wakapata karatasi yao. Hapakupigwa picha. Kijana akamwandikia mama yule maneno ya karatasi kwa herufi kubwa, akamfundisha kulitambua jina lake mwenyewe na mipaka ya shamba lake. Tangu siku hiyo mama akiambiwa neno juu ya shamba huitoa karatasi, akaweka kidole juu ya jina lake.

Mwaka ukafika mwisho, kamati ya chuo ikakutana. Ni yupi atakayetuzwa? Bila shaka ni wa kwanza, kwani ripoti yake iko mezani. Na kamati haikufanya dhuluma kwa kusudi. Imehukumu kwa dhahiri, na hukumu ya wanadamu huwa kwa dhahiri. Kosa lake ni jingine: imemsikiliza shahidi mmoja, na shahidi huyo ndiye mdai mwenyewe. Hapana kadhi, Mombasa wala Unguja, akubaliye mtu kujishuhudia nafsi yake. Ripoti ya mwanafunzi juu ya khidma yake ni dai. Shahidi ni yule mama, na hakuna aliyemwita.

NANI ALIYEMFAA MWENZIWE?

Liko jambo jingine ambalo waandishi wa vyeti hulisahau. Mwanafunzi huyu alikwenda kijijini kujifunza, na alijifunza kweli. Amejua jinsi sheria inavyofika kijijini ikiwa imechoka, na amejua kuwa mlango wa ofisi una nguvu kuliko ukurasa wa kitabu. Haya hakufundishwa darasani. Amefundishwa na mama asiyejua kusoma, aliyekubali shida yake iwe somo la mtu mwingine. Basi katika wawili hawa, mwalimu ni nani?

Watu wa pwani ndio wanaopaswa kulifahamu jambo hili upesi kuliko wote. Katika lugha yao ya zamani neno chuo lilikuwa ni mahali mtoto asomapo Qurani, na neno kuhitimu limetokana na kuikhitimu Qurani. Mtoto alipohitimu alivikwa nguo mpya, akapitishwa mitaani, na watu wakafurahi naye. Lakini zawadi ilikwenda wapi? Ilikwenda kwa mwalimu. Baba alimpelekea mwalimu ada yake, na nguo, na chakula, kwa kuwa mtoto amepata, na aliyepata ndiye mwenye deni. Wala katika siku za kusoma haikuwa ajabu mtoto kumtekea mwalimu maji na kumtafutia kuni, na hakuna aliyemwandikia cheti kwa ndoo ya maji. Alifunzwa kuwa khidma ni adabu ya mwenye kutaka elimu.

Kwa hivyo mwanafunzi aliyejifunza kwa kuwatumikia watu ana madeni mawili kabla ya kuwa na dai moja. Anadaiwa na chuo kilichompeleka, na anadaiwa na kijiji kilichompokea. Na hadhara imsifuyo yeye peke yake imeyasahau madeni yote mawili kwa siku moja.

YALIYOKWISHA KUONEKANA KATIKA NCHI

Nchi hii imekwisha kuona mambo matatu katika khidma, nayo ni mafunzo.

La kwanza lilitokea katika milima hiyohiyo ya Uluguru. Waingereza waliona mvua ikiteremsha udongo, wakaamrisha watu kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko. Kusudio lilikuwa kuhifadhi ardhi, na kuhifadhi ardhi ni jambo jema. Lakini Waluguru, ambao ardhi yao hupita kwa koo za mama na kila bonde lina wenyewe, hawakutakwa shauri kama watu wenye akili. Waliona kazi ni ya nguvu, na udongo mzuri unafukiwa, na mbovu unaletwa juu. Mwaka 1955 wakainuka kukataa, ghasia zikatokea, na mpango ukaachwa. Wema utendwao juu ya watu pasipo kuwauliza huonekana kwao kama dhuluma, hata ukiwa na ripoti nzuri.

La pili ni la mwaka 1966. Serikali ilitaka wasomi waingie Jeshi la Kujenga Taifa miaka miwili, na kwa muda mwingi wa miaka hiyo wapokee sehemu tu ya mshahara wao. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa Dar es Salaam wakaandamana kupinga. Rais Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300, na siku hiyo akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Lolote mtu atakalolisema juu ya ukali wa hukumu ile, kuna neno moja ndani yake: atakaye vijana watumike, naye aanze kwa nafsi yake.

La tatu ni Azimio la Musoma la mwaka 1974. Lilitaka kijana amalizaye skuli ya sekondari asiingie chuo kikuu moja kwa moja, bali afanye kazi kwanza miongoni mwa watu, kisha aje na barua ya kumshuhudia kuwa amekuwa na mwendo mwema. Shauri lilikuwa zuri. Lakini barua ikiwa ndiyo mlango wa chuo, kijana huanza kumtumikia mwandishi wa barua badala ya kuwatumikia watu. Sharti hilo likalegezwa baadaye. Na cheti cha leo, kikiwa ndicho mlango wa kazi, kinaweza kuingia katika shimo hilohilo.

MFAGIAJI WA MSIKITI

Mwenye kutaka kujua namna ya kumtukuza mtu wa khidma, na aitazame habari iliyomo katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Alikuwako mtu mweusi aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume. Katika mapokezi iko shaka kama ni mwanamume au mwanamke, na shaka hiyo peke yake yatosha kuonyesha jinsi watu walivyokuwa hawamtazami. Mtu huyo akafa usiku, wakamzika, wala hawakumpa Mtume habari, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume akaona hayupo, akamwuliza. Walipomwambia kuwa amekufa, akawalaumu kwa kutompasha habari, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamsalia.

Katika habari hii mna adabu nne. Mfagiaji hakutaka kitu. Aliyemtukuza ni aliyefaidi khidma yake, kwani alikuwa akisali juu ya mahali palipofagiwa. Alimtukuza kwa kuwa alimtafuta, hakungoja aletewe jina. Na kwa kumtukuza aliwafunza waliobaki kuwa hakuna khidma ndogo. Hapana riya hapa, kwani maiti haoni hadhara. Na hapana kunyamaza, kwani habari yake ingali inasomwa baada ya miaka 1,400.

MAJIBU YA WENYE KUPINGA

Akisema msemaji, "Wanakijiji hawajui kupima wala kuandika, watamshuhudiaje mwanafunzi?" Huambiwa: wao ndio wajuao kama maji yanatoka au hayatoki. Mzee asiyejua kusoma humjua aliyerudi mara ya pili na aliyekuja mara moja. Na kipimo hiki cha kurudi ni sahihi kuliko kurasa 12.

Akisema, "Pasipo tuzo vijana hawatatoka vyumbani mwao." Huambiwa: mtoto mdogo wa chuoni hupewa tende ili aipende alifu, na hilo halina ubaya. Lakini akifika juzuu ya kumi hali bado anadai tende, mwalimu ameharibu. Mwanafunzi wa chuo kikuu amekwisha kubaleghe, na kumlea kwa tende ni kumdharau.

Akisema, "Basi tuzo ziachwe kabisa, usalama upatikane." Huambiwa: mwenye kuacha kushukuru kwa kuogopa riya ya mwenziwe amemhukumu mwenziwe kwa jambo la moyoni, na la moyoni si lake. Kazi ya mtendaji ni kulinda nia yake, na kazi ya aliyetendewa ni kulipa deni lake. Kila mmoja ashike lake.

HUKUMU NA MASHARTI

Lililo wazi baada ya haya yote ni kuwa yafaa kumtukuza mwanafunzi kwa khidma yake, kwa masharti manne.

Sharti la kwanza, isiwe ahadi iliyotangazwa kabla ya kazi. Ikitangazwa, iitwe ujira, kwa jina lake, ili pasiwe na mtu wa kudanganyika.

La pili, neno la kwanza liwe la waliotumikiwa. Kamati iende kijijini, ikae chini ya mwembe, iulize, "Ni nani aliyewafaa?" Yumkini litatajwa jina ambalo halimo katika orodha ya mtu yeyote.

La tatu, kisifiwe kitendo kwa kadiri yake. Mtume amefundisha kuwa mwenye kulazimika kumsifu mtu aseme kuwa amdhania hivi na hivi, na mwenye kuhesabu ni Mwenyezi Mungu. Basi cheti kiandike, "Alikwenda na mama huyu mara tano." Kisiandike kuwa ni shujaa wa umma.

La nne, kijiji nacho kishukuriwe mahali palepale na siku ileile. Mzee aliyewaonyesha wanafunzi njia, na mama aliyekubali shida yake isomwe, nao wakae mbele, na chuo kiwape shukrani kama apewavyo mwalimu siku ya khitima. Hapo mwanafunzi atajua kwa macho yake kuwa hakushuka kwa watu wale kama mvua kutoka mbinguni. Walikuwa wakimpa, naye akiwapa.

KHATIMA

Mto Ruvu hutoka katika milima ya Uluguru, na maji yake hunywewa Dar es Salaam. Kila mkulima wa mlimani aliyeuacha mti wake usimame kando ya kijito amewatumikia watu wa pwani maelfu kwa maelfu, wala hawamjui jina. Anayetawadha kwa maji hayo alfajiri anadaiwa na mtu asiyemwona. Nani amekwenda kumwuliza hali yake? Nani amempa cheti? Wala yeye hakudai. Amemwachia aliyefaidi alikumbuke deni lake mwenyewe.

Basi baba aliyealikwa katika mahafali ya mwanawe na afurahi, kwani furaha ya mzazi ni halali. Lakini wakiisha kula, watu wakiisha kuondoka, na amwulize kijana maneno mawili: "Ni nani aliyekufundisha kule kijijini? Na tangu upewe cheti hiki, umekwenda kumwamkia?" Akijibu kuwa amekwenda, cheti hicho na kitundikwe ukutani. Akinyamaza, nauli ya kwenda Mzumbe si kubwa, na baba mwema atamkatia tikiti kesho yake asubuhi.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa wepesi wa kushukuru na wazito wa kudai, azitakase nia zao katika siri na dhahiri, na awape wale wasiojulikana majina ujira ambao hakuna kamati iwezayo kuutoa. Amin.